Sufuria Imekuwa Nyeusi? Usikimbilie Mchanga

Umechemsha mayai, umemwaga maji, na sufuria ya alumini iliyokuwa nyeupe jana imebaki na weusi unaoishia pale maji yalipofikia. Unasugua kwa sabuni, hautoki. Unaongeza nguvu, bado. Katika nyumba nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani, hatua inayofuata ni mchanga na stiliwaya, na hapo ndipo sufuria nzuri huanza kuharibika. Weusi ule si uchafu, ndiyo maana sabuni haiuwezi. Una dawa yake, nayo ni rahisi: ndimu, maji na moto wa robo saa.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa tu, hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, kama kigaga kinavyofunika kidonda, na utando huo ndio unaoilinda. Hautulii mahali penye uchachu mwingi wala penye magadi mengi. Maji yenye madini, hasa yaliyoegemea upande wa magadi, yakichemka ndani ya sufuria huumomonyoa ule utando kisha hujengeka mwingine mnene zaidi, uliochanganyika na chembe za madini. Huo mpya ndio unaouona ukiwa wa kijivu au mweusi. Haudhuru chakula na hauna sumu. Kama sufuria yako imefubaa ndani lakini ni laini ukiipapasa, unaweza kuendelea kuipikia bila wasiwasi wowote.

Mbona ya jirani haiwi hivyo? Mara nyingi tofauti ni maji na chakula. Maji ya vijito na mifongo, yaani mifereji ya asili, inayoshuka kutoka msituni kwa kawaida hayana madini mengi kama ya visima vya huku chini tambarare, kwa hiyo anayechota Kibosho juu na anayechota kisimani kuelekea Kahe wanaweza kununua sufuria za aina moja siku moja na zikapishana rangi baada ya mwezi. Chakula nacho kina sehemu yake. Mayai huacha weusi. Utomvu wa ndizi mbichi huacha doa la kahawia, na huku kwetu ndizi hazikosekani jikoni, iwe mtori au machalari. Lakini kinachoongoza kwa mbali ni magadi. Ukipika makande au kiburu kwa magadi katika sufuria ya alumini, usishangae ikitoka nyeusi tii: magadi hula ule utando moja kwa moja.

Kabla ya kushika chochote, tambua doa lako ni la aina gani, maana kila moja lina dawa yake na dawa ya moja inaweza kuliharibu lingine. Pitisha kidole. Kama ndani ni laini na weusi haubaki kidoleni, huo ni utando niliousema, na dawa yake ni kitu kichachu. Kama weusi uko nje na unachafua mkono, hayo ni masizi ya kuni au mkaa. Kama kuna gamba la kahawia linalong'ang'ania, chakula au mafuta yameungua. Kama kuna ukoko mweupe mgumu, hasa ndani ya birika la chai, hayo ni madini ya maji yaliyoganda. Na kama unahisi vishimo vidogo vyenye unga mweupe, alumini yenyewe imeliwa, na hilo nitalirudia kwa sababu halina tiba.

Tuanze na weusi wa ndani. Jaza maji mpaka yapite mstari wa weusi, kwani sehemu isiyofikiwa na maji itabaki vilevile. Kwa kila lita ya maji kamulia ndimu mbili au limau moja kubwa, au tia vijiko viwili vya chakula vya siki. Yatupie na maganda uliyokamua, yana uchachu bado. Bandika, acha yachemke kwa dakika 10 hadi 15 bila kufunika, na utaona weusi ukififia wenyewe mbele yako. Ipua, acha maji yapoe humohumo, kisha yamwage. Usiyatumie kwa chochote, kwa sababu yamebeba ule utando ulioyeyuka. Osha kwa sabuni ya kawaida na dodoki au kitambaa laini, suuza, na ukaushe hapohapo kwa kitambaa. Ikibaki sehemu yenye doa zito, rudia mara moja, na usiongeze ukali wa dawa.

Huna ndimu? Kipande kimoja kikubwa cha ukwaju kilicholowekwa katika lita moja ya maji hufanya kazi ileile. Vivyo hivyo nyanya zilizolainika mno kwa kachumbari, au maganda ya nanasi: katakata, chemsha kwa nusu saa, maana uchachu wake ni mdogo kuliko wa ndimu. Hivi vyote viko Soko la Kati na Mbuyuni mjini Moshi, na magulio ya Marangu Mtoni, Mwika na Himo hayakosi ndimu wala ukwaju. Ndimu za kusafishia sufuria moja hazigharimu sana, na kama una mlimao nyuma ya nyumba hutoi hata senti. Siki ni ghali kidogo kuliko ndimu, lakini chupa moja hutosha sufuria nyingi. Sioni sababu ya mtu kununua dawa maalumu ya kung'arishia alumini kwa ajili ya jikoni.

Je, ufanye hivyo kila wiki? Hapana. Kila unapochemsha kitu kichachu unaondoa utando, na utando mpya hujengwa kwa alumini ya sufuria yenyewe. Ukichemshia mayai kesho kwa maji yaleyale, weusi utarudi. Fanya kunapokuwa na haja: shughuli inakuja, unataka kumpa mtu sufuria, au weusi umekuwa wa mabaka na unakukera. Njia ya kuuzuia ni kutia tone la ndimu au kipande cha ganda lake katika maji ya kuchemshia mayai. Hakibadilishi ladha ya yai, na sufuria haifubai.

Hapa nina la kusema juu ya desturi yetu. Usafi wa mama au binti hupimwa kwa mng'ao wa sufuria zilizopangwa kabatini, na mabinti hulelewa wakisugua kwa mchanga mpaka zing'ae kama kioo. Mng'ao ule hupatikana kwa kukwangua alumini yenyewe. Maji ya kijivu yanayotiririka unaposugua kwa mchanga ni alumini inayokwenda mferejini. Ndiyo maana sufuria iliyosuguliwa hivyo miaka michache huwa nyembamba, hubonyea kwa urahisi na huunguza ugali katikati. Michirizi iliyobaki nayo hushika chakula na kufubaa haraka zaidi, kwa hiyo unasugua tena, na mwendo unakuwa huohuo. Tafadhali mpe binti dodoki na ndimu, umwokoe viganja vyake na uiokoe sufuria.

Masizi ya nje ni kazi nyingine, na ni rahisi zaidi kuyazuia kuliko kuyatoa. Kabla ya kubandika sufuria kwenye mafiga, lowanisha kipande cha sabuni ya mche na uipake chini na ubavuni kwa nje, safu nyembamba inayoonekana. Masizi yatakaa juu ya sabuni badala ya kushikana na alumini, na ukiosha yataondoka nayo. Kama ulisahau, usianze kusugua yakiwa makavu. Iweke sufuria katika karai la maji ya moto yenye sabuni ya unga kwa nusu saa, ndipo utumie dodoki au brashi ya katani. Stiliwaya ile laini ya nyuzi nyembamba inaruhusiwa hapa nje, kwa mkono mwepesi na ukifuata mduara, kwa sababu chakula hakifiki huko. Jivu pia hutoa masizi vizuri, ila jivu ni ndugu wa magadi: lichekeche lisiwe na mawe, sugua, suuza mara moja, na usiliache likauke juu ya sufuria.

Chakula kikiungua, jambo la kwanza ni kutoipeleka sufuria ya moto chini ya bomba. Baridi ya ghafla hukifanya kitako kijipinde, na kitako kilichopinda hakikai sawa tena juu ya jiko la gesi. Iache ipoe yenyewe. Tia maji ya kufunika ukoko na tone la sabuni ya maji, chemsha kwa moto mdogo kwa dakika 10, kisha sukuma ukoko kwa mwiko wa mti. Ukibaki, acha maji humo usiku mzima. Yakibaki madoa ya kahawia baada ya ukoko kutoka, ndipo urudi kwenye ndimu. Na usiache kamwe sufuria tupu juu ya moto wa mkaa ukaenda kushughulika na mengine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na mkaa uliopepewa vizuri unaweza kuzidi hapo.

Birika lenye ukoko mweupe ndani lijaze maji nusu na ndimu nusu dazeni, lichemke, kisha lilale hivyo usiku. Ukoko hulegea na kutoka kwa vipande. Usiugonge kwa kisu. Kwa sufuria ya presha kanuni ni hiyohiyo, ila chemsha maji ya ndimu ukiwa umeacha mfuniko pembeni, na ile raba ya mfuniko ioshe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Sasa ule unga mweupe wenye vishimo. Utauona zaidi kwenye yale masufuria makubwa ya shughuli ambayo hukaa stoo mwaka mzima na kutolewa Desemba watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Yalioshwa usiku wa mwisho wa sherehe, yakapangwa moja ndani ya jingine yakiwa na majimaji, labda na chumvi ya mchuzi pembeni, na masika yote yakakaa katika unyevu. Maji na chumvi vilivyonaswa pasipo hewa huitoboa alumini taratibu. Unga huo utoe kwa maji ya ndimu na kitambaa, lakini shimo halizibiki kwa kusugua. Likiwa la juujuu, sufuria bado inafaa kwa wali na maji ya moto, ila isihifadhi chakula. Likiwa la kina, au ukiinua sufuria kwenye mwanga ukaona nukta inayong'aa, uistaafishe. Mwaka huu, sherehe ikiisha, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, na kati ya moja na jingine weka gazeti au kitambaa kikavu.

Yapo mambo yanayoshauriwa mitaani ambayo ni ya hatari kweli. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ikikutana na alumini huchemka kwa nguvu, hutoa joto kali na gesi inayoweza kuwaka, na hula sufuria mbele ya macho yako. Asidi ya betri na dawa za kusafishia choo huunguza ngozi na macho, na hazina nafasi katika chombo cha chakula. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe hutoboa alumini, na ukizichanganya na siki au ndimu hutoka hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Ikikutokea, toka nje mara moja upate hewa safi. Kostiki au asidi ikikurukia, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusubiri, na kama ni jicho nenda hospitali hata ukijisikia nafuu.

Watu huuliza kama alumini inaleta ugonjwa wa kusahau uzeeni. Utafiti wa miaka mingi haujathibitisha kwamba kupikia kwenye sufuria za alumini husababisha ugonjwa huo. Kamati ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2011 kiwango ambacho mtu anaweza kula kwa wiki bila hofu: miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani miligramu 120 kwa mtu wa kilo 60. Mtu mwenye figo nzima hutoa sehemu kubwa ya alumini iliyoingia mwilini kwa njia ya mkojo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake, kwa kuwa mwili wake hautoi kwa wepesi huo. Kwa sote, jambo la busara ni kutohifadhi vitu vichachu ndani ya alumini. Kupika nyanya au kukamulia ndimu kwenye mchuzi ni sawa, lakini usilaze humo maziwa mgando, juisi ya ukwaju wala mbege. Mbege ina uchachu wa kutosha kula chombo usiku kucha, basi iache katika ndoo ya plastiki ya chakula au pipa la mti.

Na magadi? Ushauri wangu ni kuyapunguza, na sufuria ni sababu ndogo tu. Magadi ya asili yanayouzwa kwa vibunda sokoni mara nyingi huwa na floraidi, yaani yale madini yanayofanya meno kuwa ya kahawia yakizidi, na watafiti wa meno waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania wameyahusisha na madoa kwenye meno ya watoto. Loweka mahindi na maharage usiku mzima, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya. Yataiva haraka bila magadi, na kuni zitapungua pia. Ukiona huwezi kuyaacha kabisa, pikia kwenye chungu au sufuria ya stili isiyoshika kutu.

Tukitoka jikoni, madirisha na milango ya alumini inataka mkono tofauti kabisa. Fremu hizo zimepakwa rangi ya unga iliyookwa kiwandani, au zimetiwa kwa umeme utando mnene kuliko ule wa asili. Ukiukwangua umekwisha, huwezi kuurudisha ukiwa nyumbani. Kwa hiyo usipeleke huko ndimu ya moto, mchanga wala stiliwaya. Ondoa vumbi kwa brashi laini, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuogea, suuza, futa. Mara mbili kwa mwaka inatosha, baada ya masika na baada ya vuli, ila nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi iongezewe. Toa pia uchafu ulioziba vitundu vya kutolea maji chini ya reli, maana maji yaliyotuama humo ndiyo huanza kuila fremu. Fremu iliyopauka kwa jua hurudishiwa uhai kidogo kwa nta ya kung'arishia magari, ikipakwa nyembamba kwa kitambaa laini. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Ukiwa bado unajenga, hili litakuokolea fedha nyingi: saruji na chokaa ni vikali kwa alumini kama magadi. Tone la zege likikauka juu ya fremu huacha doa jeupe lisilotoka. Mwambie fundi asivue karatasi za kinga mpaka plasta na rangi viishe, na tone likianguka lifutwe kwa maji papo hapo, likiwa bichi. Doa likishakuwa pale, fundi alumini anaweza kubadilisha kipande, na bei yake utaelewana naye kwa futi. Ukilisugua hutapata kitu.

Jambo la mwisho linaturudisha kwenye sufuria, nalo ndilo ninalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Zipo sufuria za kiwandani, ambazo ni bati la alumini lililobonyezwa, laini na lenye unene sawa. Na zipo zinazosubiwa na mafundi kutokana na chakavu: vipande vya injini, rimu, makopo, chochote kilichopatikana, vyote vikayeyushwa pamoja. Hizi ni nene, nzito, zina chembechembe ukizipapasa, na mara nyingi kuna alama ya mchanga wa kalibu ubavuni. Katika chakavu hicho huweza kuingia risasi, ile metali inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwemo Tanzania na Kenya, na zaidi kidogo ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi vilipochemshiwa kitu kichachu. Risasi haionekani, haina ladha, wala haihusiani na rangi ya sufuria: inaweza kuwa nyeupe inayometameta na bado ikaitoa.

Kwa hiyo sufuria ya namna hiyo usiichemshie ndimu ili kuing'arisha. Usiipikie mboga zenye nyanya wala uji wenye ukwaju, na usimpikie humo mtoto mdogo wala mama mjamzito. Ifanye ya kuchemshia maji ya kuogea. Vivyo hivyo sufuria iliyozibwa tundu kwa kuchomelewa risasi. Ukienda kununua nyingine, chagua iliyobonyezwa kiwandani au ya stili, hata kama ni ndogo kuliko uliyoikusudia. Na ile iliyotoboka usiitupe: wanunuzi wa chakavu huchukua alumini kwa kilo, hivyo ipime kwanza kwa mizani ya dukani ujue uzito wake kabla hujaulizwa bei.